Neno la Bwana Shamba: Sikio, ulimi, jicho na mkono



Mwezi huu tutaongea juu ya lugha. Najua utashangaa. Utasema, "Bwana shamba ameacha lini mahindi akawa mwalimu?" Sikuyaacha mahindi. Utaona kwamba habari hii inafika shambani, inafika kwenye mizani, na inafika mfukoni mwako.

Katika darasa moja la kisomo mzee mmoja aliniuliza swali. Alisema, "Bwana shamba, Kiswahili tunakijua. Tunakizungumza tangu utoto. Kwa nini tena tunaambiwa tujifunze lugha?" Wenzake walicheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na ninalijibu hapa ili wote mlisome.

Kujua lugha si kazi moja. Ni kazi nne. Kuna kusikiliza, kuna kuzungumza, kuna kusoma, na kuna kuandika. Ni kazi za sikio, ulimi, jicho na mkono. Kazi mbili za kwanza tulizipata nyumbani bila mwalimu. Mtoto mchanga husikiliza miezi mingi kabla hajasema neno. Mama anaongea naye, anamwimbia, anamkemea, na yeye anasikiliza tu. Kisha siku moja anasema neno lake la kwanza na nyumba nzima inafurahi. Lakini hakuna mtoto aliyeamka asubuhi akajikuta anajua kusoma. Kusoma na kuandika ni kazi za kufundishwa. Na aliyefundishwa asipozitumia zinampotea, kama jembe linaloliwa na kutu.

Wazee mtakumbuka. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, na katika vyumba vya shule watoto walipokwisha kurudi nyumbani. Hesabu ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa chini ya 10 katika kila watu 100. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini miaka iliyofuata hesabu hiyo ilirudi nyuma. Madarasa yalipungua. Vitabu na magazeti havikufika vijijini. Mtu aliyekuwa akisoma mwenyewe barua ya mwanawe akarudi kumtafuta mtoto wa jirani amsomee. Hakuwa mjinga mtu huyo. Alikosa kitu cha kusoma.

KUSIKILIZA

Tuanze na sikio, kwa sababu watu wengi wanalidharau. Wanadhani kusikia na kusikiliza ni kitu kimoja. Hata kuku anasikia.

Chukua mfano huu. Mama amempeleka mtoto zahanati. Muuguzi anampa dawa na kumwambia, "Mpe kila baada ya saa nane." Mama anaitikia, "Ndiyo." Njiani anakumbuka maneno mawili tu: saa nane. Akifika nyumbani anangoja saa nane mchana, anampa mtoto dawa mara moja, basi. Kesho saa nane mchana anampa tena.

Muuguzi alitaka nini? Siku moja, mchana na usiku, ina saa 24. Gawanya 24 kwa 8, unapata 3. Muuguzi alitaka mtoto apewe dawa mara tatu. Kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mtoto huyu amepata theluthi moja tu ya dawa yake. Ugonjwa hautoki, na vijidudu vya ugonjwa vinaweza kuizoea dawa.

Kiswahili chetu kina mtego hapo. "Saa nane" ni wakati fulani wa siku. "Saa nane" vilevile ni muda, yaani urefu wa kungoja. Maneno "kila baada ya" ndiyo yanayotofautisha, na ndiyo aliyoyaacha mama njiani.

Dawa ya mtego huu ni moja. Rudia ulichoambiwa kabla hujaondoka. Sema, "Dada muuguzi, nimeelewa hivi. Nimpe asubuhi, nimpe mchana, nimpe usiku. Ndivyo?" Akisema ndivyo, nenda. Akisema sivyo, umemwokoa mwanao.

Tumelelewa kwamba kumwitikia mkubwa "ndiyo" ni heshima. Ni kweli, ni heshima. Lakini mara nyingi mtu huitikia "ndiyo" na hajaelewa kitu. Anaona haya kuuliza. Kurudia si utovu wa adabu. Anayefanya kazi yake vizuri hufurahi ukirudia, maana anajua kwamba hakupoteza maneno yake.

Nawasema pia wenzangu wa ofisini. Wako wanaokuja kijijini na kusema, "Zingatieni kanuni za kilimo bora." Hayo ni maneno matano, na ndani yake hamna hata mbegu moja. Mtu akikwambia hivyo, mwulize. Mbegu gani? Nafasi gani kati ya shimo na shimo? Sentimita ngapi? Nipande kabla ya mvua au baada ya mvua ya kwanza? Usimwache aende na pikipiki yake mpaka umepata jibu la kufanyia kazi.

Kusikiliza pamoja kuna faida zaidi kuliko kusikiliza peke yako. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Kikundi kilikaa mbele ya redio moja na kusikiliza kipindi. Kipindi kilipokwisha, mmoja alisoma kijitabu kwa sauti. Kisha walijadili na kuamua la kufanya katika kijiji chao. Wengi walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Angalia walivyofanya. Walisikiliza, wakasoma, wakazungumza, kisha wakashika majembe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine ya namna hiyo, Chakula ni Uhai. Leo redio iko hata ndani ya simu, na kila mtu anasikiliza peke yake. Redio zimeongezeka, lakini sijui nani anajadili.

KUZUNGUMZA

Juu ya ulimi sitasema mengi. Wengi wetu ulimi hautuwii vigumu. Kilabuni na kisimani maneno hayaishi.

Ugumu huja mkutanoni. Sheria inasema kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka pia mkutano huo ukutane angalau kila miezi mitatu. Basi hapo una haki ya kusema, uwe mwanamume au mwanamke, uwe na ng'ombe au huna. Lakini wengi, hasa akina mama, hukaa nyuma na kunong'ona. Mkutano ukiisha wanasema njiani yale ambayo yangesemwa mbele ya mwenyekiti.

Ukitaka kusema mkutanoni, jipange kabla hujasimama. Taja jambo lako kwanza. Halafu taja sababu. Halafu taja unachotaka. "Ndugu mwenyekiti, pampu ya kisima imeharibika tangu mwezi wa pili. Tunachota maji mtoni pamoja na ng'ombe, na watoto wanaharisha. Naomba tuambiwe fedha za maji ziko wapi na fundi anakuja lini." Hapo umesema yote. Anayeanza na salamu za kila ukoo na historia ya kisima tangu kilipochimbwa, watu watasinzia kabla hajafika kwenye pampu.

KUSOMA

Sasa tufike kwenye jicho. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Msomaji mpya husoma herufi moja moja. M na a, ma. L na i, li. Ma-li. Ni mwanzo mzuri na usione haya. Lakini usiishie hapo. Kutamka neno lote bado si kusoma. Umesoma pale ulipojua neno linakutaka ufanye nini, au linakuahidi nini.

Tazama maneno haya matatu:

Atalipa.
Atalipwa.
Hatalipwa.

Yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Sasa yatie katika mkataba wa kuuza alizeti. "Mkulima atalipwa siku ya kupima." Maana yake fedha zinakuja kwako. "Mkulima atalipa siku ya kupima." Maana yake fedha zinatoka kwako. Herufi w imekimbia, na fedha zimekimbia nayo. "Mkulima hatalipwa siku ya kupima." Imeongezwa h, na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Wengi wetu tunapoongea h huwa haisikiki sana. Kwenye karatasi haifichiki, lakini inataka jicho lisilo na haraka.

Kiswahili kina tabia hii. Herufi moja mbele, katikati au nyuma ya neno inageuza habari nzima. Nimekopa, nimekopesha, nimekopeshwa. Amenunua, amenunuliwa. Ukiruka herufi kwa sababu umezoea neno, utasoma kile unachokitarajia, siyo kile kilichoandikwa.

Nitakueleza niliyoyaona mwenyewe katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi. Mama mmoja mjane alikuwa na shamba la ekari mbili karibu na mto. Mtu mmoja mwenye fedha alitaka kulikodi kwa misimu miwili apande nyanya. Walikubaliana kwa mdomo, wakakubaliana na bei. Yule mtu akaleta karatasi iliyokwisha andikwa na kidau cha wino. Akamwambia, "Mama, weka dole gumba hapa, nina safari."

Mama yule alikuwa amemaliza kisomo mwaka uliotangulia. Akasema, "Ngoja kidogo." Akaweka kidole chini ya neno la kwanza akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma polepole sana. Mwenye fedha akatazama saa yake. Akasema, "Mama, unatuchelewesha, ni yale yale tuliyokubaliana." Mama hakujibu. Aliendelea na kidole chake. Alipofika mstari wa nne akasimama. Akasoma tena. Kisha akauliza, "Hapa pameandikwa ni-me-mu-u-zi-a. Mimi nimemuuzia nani?"

Hakuna aliyejibu. Shahidi mmoja aliangalia chini. Karatasi ilisema ameuza shamba. Neno kukodi halikuwamo hata mara moja, wala misimu miwili haikutajwa.

Mama aliikunja ile karatasi akaenda nayo ofisi ya kijiji. Ikaandikwa nyingine mbele ya mwenyekiti na mtendaji, ikatajwa misimu miwili, mwezi wa kuanza na mwezi wa kurudisha. Yule mtu aliweka sahihi bila kusema neno. Nyanya alipanda na shamba alirudisha. Mama hakutumia dole gumba. Aliandika jina lake, na herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti changu cha kilimo.

Basi ukiletewa karatasi, isome kwa sauti mbele ya watu. Ukishindwa, mpe mtu wako unayemwamini aisome, siyo mtu wa yule aliyeileta. Anayekukataza kusoma karatasi inayokuhusu amekwisha kukuambia kilichomo.

Mbolea nayo inataka kusomwa. Mfuko wa mbolea una namba tatu. Namba ya kwanza ni naitrojeni, inayokuza majani. Ya pili ni fosfati, inayosaidia mizizi. Ya tatu ni potashi. Mfuko wa yurea umeandikwa 46-0-0. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0. Umeona? 46 iko kwenye mifuko yote miwili. Mkulima anayekumbuka "arobaini na sita" tu anaweza kubeba yurea na kuitia shimoni pamoja na mbegu ya mahindi. Yurea ikigusana na mbegu huiunguza. Mbegu hazioti, au zinaota chache na dhaifu, na mkulima anamlaumu aliyemuuzia mbegu.

Kwa hiyo usisome namba tu. Soma na mahali ilipokaa. Katika yurea 46 iko mwanzo. Ni naitrojeni, kilo 23 katika mfuko wa kilo 50. Ni mbolea ya kukuzia, nayo hutiwa mahindi yakiwa yamekwisha kuota na kukua. Katika DAP 46 iko katikati. Ni fosfati, nayo pia kilo 23 katika mfuko wa kilo 50. Naitrojeni yake ni kilo 9. Hii ni mbolea ya kupandia, na hata hii weka udongo kidogo kati yake na mbegu.

Dawa za wadudu vilevile. Ukiona mstari mwekundu kwenye chupa ujue ni sumu kali sana. Njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Lakini hata kijani si maji ya kunywa. Soma kipimo. Kama karatasi ya chupa inasema mililita 20 kwa maji lita 20, na bomba lako la mgongoni linachukua lita 15, tia mililita 15. Usitie 20 ati kwa sababu umeisoma 20. Soma pia siku za kungoja. Karatasi hukuambia usivune mpaka siku fulani zipite tangu uliponyunyiza. Anayevuna nyanya kesho yake na kuzipeleka gulioni anawalisha watoto wa watu sumu. Na kama karatasi imeandikwa kwa lugha usiyoijua, usikisie. Irudishe dukani usomewe, au nitafute mimi au mwenzangu wa kata yako.

Kuna jambo jingine la siku hizi, nalo ni ujumbe wa simu. Simu inalia, unatazama, umeandikiwa: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Watu wengi wametuma fedha zao kwa matapeli kwa ujumbe wa namna hiyo. Hebu tuusome kama tulivyosoma mkataba. "Ile pesa." Ipi? Neno "ile" tunalitumia kwa kitu ambacho mimi na wewe tumekwisha kukizungumza. Tapeli amelichagua neno hilo makusudi. Kama kweli unadaiwa na ndugu yako, utadhani ni yeye. "Namba hii." Ya nani? Jina liko wapi? Ujumbe una maneno machache na ndani yake hamna jina la mtu hata mmoja. Mpigie ndugu yako kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake. Sikio lilisaidie jicho.

Soma pia saa vizuri. Simu ikiandika 08:00, hiyo ni saa mbili asubuhi. Ikiandika 14:00 ni saa nane mchana. Tiketi za basi nyingi huandikwa hivyo. Kuanzia 07:00 toa sita katika saa ya simu, na kama simu inapita 18 toa kumi na nane. Jaribu mara chache utazoea.

KUANDIKA

Mkono ndio mvivu kuliko wote. Watu wanaosoma gazeti hili mpaka mwisho, ukiwauliza mwaka jana walivuna gunia ngapi, wanatazama juu. Kichwa ni ghala lenye panya.

Nunua daftari dogo. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Liandike hivi:

"Tarehe 3 Desemba. Mvua kubwa. Nimepanda mahindi ekari 1. Mbegu kilo 10."

"Tarehe 20 Juni. Nimeuza mahindi kilo 312. Bei Sh. 600 kwa kilo. Nimepokea Sh. 187,200."

Basi. Mistari miwili inatosha. Huhitaji maneno makubwa. Ukipima mazao, andika kilo zako pale pale kwenye mizani, kabla karani hajaandika zake, kisha linganisha na stakabadhi. Karani mwema hatachukia. Wakati wa kudai malipo, mtu mwenye daftari husikilizwa kuliko mtu mwenye hasira.

Fedha ziandike kwa tarakimu na kwa maneno, zote mbili. Kuna sababu. Mtu akisema "elfu kumi na tano" anaweza kuwa na maana ya 15,000. Lakini mjanja anaweza kusema kwamba ni elfu kumi, na tano, yaani 10,005. Ulimi unaacha nafasi ya ubishi. Tarakimu zinauondoa. Na tarakimu peke yake zinaweza kuongezwa sifuri moja nyuma, ndiyo sababu maneno nayo yanahitajika. Ukimaliza kuandika, piga mstari baada ya fedha ili asipatikane wa kuongeza kitu.

Wengine wanaogopa kuandika kwa sababu lugha yao ya nyumbani inawachanganyia r na l. Nawaelewa. Kura si kula, wala mahari si mahali. Ukiwa na wasiwasi na neno, litafute katika gazeti hili au katika kitabu cha kisomo, ulione lilivyokaa. Kosa katika barua kwa shangazi halina madhara, ataelewa. Lakini jina lako usilikosee kamwe. Mtu ameandikwa Ramadhani kwenye kitambulisho, Lamadhani kwenye kadi ya chama cha ushirika, na Ramadhan kwenye stakabadhi. Siku ya kulipwa anaambiwa hao ni watu watatu. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, ile iliyo kwenye kitambulisho, na karani akikosea mwambie asahihishe papo hapo.

Na ninyi vijana mnaowaandikia bibi zenu "cjui" badala ya "sijui", mnawatesa. Bibi amejifunza kwamba s na i ni si. Hakufundishwa c yenu. Mwandikieni neno zima, halizidi herufi sita.

Sasa kazi ya mwezi huu. Kaeni watu watatu au wanne jioni. Mmoja asome kwa sauti kipande kimoja cha gazeti hili, kile cha mbolea kwa mfano. Wengine wafumbe macho wasikilize. Akimaliza, mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia, bila kuangalia. Mwingine aandike mistari mitatu. Kisha fungueni gazeti mlinganishe. Mtaona namba moja imepotea, au mbolea ya kukuzia imekuwa ya kupandia. Cheka nao, halafu rudieni. Mkifanya mara mbili kwa juma, nusu saa tu, mwezi ujao mtalisoma gazeti hili bila kidole.

Mwezi ujao nitaandika juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwenye swali aniandikie barua ya ukurasa mmoja. Anza na tarehe, jina lako, na kijiji chako. Usiache jina la kijiji. Barua isiyo na kijiji siwezi kuijibu, kwa sababu sijui kama kwenu mnapata vuli na masika, au mnapata mvua za msimu mmoja tu.